Chumvi ya Hakimu

Kila Ijumaa baada ya swala, binti yangu Salama hupiga simu kutoka Muyinga na kumpa mama yake. Mke wangu Kulthumu hanisalimu. Ana swali moja tu.

"Hakimu iko?"

"Yupo."

"Anakula?"

"Anakula."

Kisha huuliza tena kana kwamba ndiyo kwanza amepokea simu: "Hakimu iko?"

Hakimu ni paka. Ni dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika. Kulthumu ndiye aliyemleta kwetu Gitega ndani ya kikapu mwaka 2005, tulipokuwa tunarudi kutoka harusi ya Salama kule Muyinga. Alimpa jina hilo kwa sababu alizoea kukaa juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akitutazama tukigombana, kama anayesubiri kutoa hukumu. Mwaka huu ninaousimulia, 2022, alikuwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na sabini na sita. Asubuhi tulikuwa tunainuka kwa mwendo mmoja, kila mtu akisikiliza magoti yake.

Kulthumu alihamia kwa Salama baada ya usahaulifu kumzidi. Alikuwa anaacha chungu motoni na kutoka bila viatu. Nilikwenda kumwona mara moja tu, siku ya Idi. Nilivaa kanzu niliyoishona mwenyewe. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema kwa adabu sana: "Fundi, karibu. Kanzu ya mume wangu imeisha?"

Nimeitwa fundi na mji mzima kwa zaidi ya miaka hamsini na sikuwahi kuona aibu. Siku ile neno lilinikata. Nililala usiku mmoja, nikarudi Gitega. Tangu hapo nikawa nasema barabara ni ndefu, petroli hakuna, paka hawezi kuachwa peke yake. La petroli lilikuwa kweli.

Nilikuwa nimebaki na swali lile la Ijumaa. Hakimu akifa, Kulthumu hatakuwa na cha kuniuliza.

Salama alilijua hilo. "Baba," aliniambia siku moja, "akifa tutafute mwingine wa kijivu. Mama hatajua."

"Sijamdanganya mama yako miaka yote hii. Sitaanza kwa ajili ya paka."

Basi nikafanya ninachokifanya kila jambo linaponishinda: nilinunua daftari. Nilisoma nikiwa mtu mzima, miaka michache baada ya uhuru, katika masomo ya jioni pale Mushasha. Mchana kutwa nilikuwa kwenye cherehani, jioni kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu. Tulianza thelathini, tukamaliza tisa. Tangu siku hizo mtaa wetu wa Waswahili huniletea karatasi zake zote za Kifaransa nizisome: za hospitali, za mahakama, za shule. Sijawahi kumrudisha mtu.

Katika daftari niliandika nilichokisikia redioni na nilichokisoma katika kijitabu cha mifugo nilichokipata sokoni. Paka wa nyumbani huishi miaka kumi na miwili, kumi na mitano. Akitunzwa vizuri anaweza kufika ishirini. Asizurure nje, maana huko kuna mbwa na magari. Maziwa si chakula cha paka mzima. Maji yawe safi, yawekwe mbali na sahani ya chakula. Meno yatazamwe. Mzee alale pakavu penye joto. Watu husema fulani ana roho ya paka na kuishia hapo. Hakuna anayeuliza paka mwenyewe anaitunzaje roho hiyo.

Mvua zilipoanza, Hakimu alianza kunywa maji mengi na kukonda. Nilimwita daktari wa mifugo, kijana mmoja aitwaye Abubakari.

"Mzee, mi natibu ng'ombe ya Gishubi na mbuzi ya Nyarusange," alisema akicheka. "Paka, hakuna mtu ananiita."

Lakini alimpapasa kwa mikono ya upole. "Figo yake imechoka. Sawa ya mtu tu." Aliandika mistari mitatu kwenye karatasi, pikipiki ikimngoja. "Mzee, nikuelezee?"

"Nimesoma," nikamwambia.

Karatasi ilisema: *Eau à volonté. Nourriture molle. Surveillez les selles.* Nikaisoma bila kusita. Maji kwa wingi. Chakula laini. Chunga chumvi. Nani asiyejua kwamba *sel* ni chumvi?

Nikaichunga chumvi kama askari. Ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nilizoea kumpa zilezile za kukaushwa zinazouzwa sokoni. Sasa nikawa naziosha mara tatu, nazichemsha, namwaga mchuzi, nachemsha tena. Ijumaa nikamwambia Kulthumu: "Daktari amekataza chumvi."

"Chumvi?"

"Hata chembe."

"Bon. Usimtie chumvi."

Lilikuwa jibu jipya. Kwa miezi mingi hakuwa amenipa jibu jipya. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata nililisema tena, na iliyofuata tena. Ijumaa saba nilimwambia mke wangu habari ya chumvi, na mara zote saba alisikiliza mpaka mwisho.

Wiki ya saba Hakimu aliacha kula. Alikuwa anaingia katika beseni lake la mchanga, anachuchumaa, analia, anatoka. Tumbo lilikuwa gumu kama mpira wa ngozi. Nilibadilisha maji. Nilimpa ndagala zilizochemshwa hadi hazina ladha ya kitu chochote, akageuza uso. Nikavuka barabara kwenda dukani kwa Monghibai, mjane wa Kihindi ambaye familia yake imeuza hapo tangu kabla ya uhuru. Sisi tunamwita Mama Jaffer. Nilitaka kopo la samaki, labda harufu ingemwamsha.

"Samaki ya kopo iko na chumvi mingi, Mzee Houssein," alisema. "Si ulituhubiria hapa kila siku, chumvi, chumvi?"

"Hataki kula tena, Mama Jaffer. Nimefuata karatasi neno kwa neno."

"Lete hiyo karatasi."

Ilikuwa mfukoni mwa koti, kama kawaida. Alivaa miwani, akasoma. Kisha akashika meza ya duka kwa mikono miwili, akacheka mpaka wateja wawili wakageuka.

"Chumvi! Mzee Houssein! *Selles* ni choo! Mavi, quoi! Daktari anakwambia chunga choo yake, we unachunga chumvi!"

"*Sel* ni..."

"*Sel* ni chumvi. Hii iko na L mbili. Mi nilisoma kwa masista, mchana, jua inawaka. We ulisoma jioni, L ingine hukuiona!" Halafu akaacha kucheka. "Tangu lini hajaenda choo?"

Sikujua. Kurasa arobaini za daftari, na hapakuwa na mstari hata mmoja juu ya hilo. Nilikuwa namwaga ule mchanga nikitazama pembeni, mtu msafi.

Abubakari alikuja siku hiyohiyo. Alimwingizia maji ya uvuguvugu kwa nyuma kwa bomba dogo la mpira, akamkanda tumbo, na ikachukua muda ambao sitausimulia. Hakimu hakumkwaruza. Alikuwa amechoka mno.

"Siku mbili zingine, tungemzika," alisema akinawa mikono. "Figo ikichoka, mwili unakauka, na choo inakauka. Mpe boga la kupondwa kidogo na mchuzi wa ndagala, usiumwage. Lakini mzee, nikwambie ukweli. Hii shida itarudi. Paka iko na miezi, haina miaka."

Hakuniuliza niliisomaje karatasi yake. Nikamwambia mwenyewe. Alikohoa kuficha kicheko, akasema, "Kupunguza chumvi, lakini, si mbaya." Alikuwa kijana mwenye malezi.

Jioni ile nilikaa nikiwahesabu watu niliowasomea karatasi. Marehemu Hamissi aliniletea karatasi ya hospitali alipokuwa anaharisha, mwaka gani sijui, na nikamwambia daktari anamtaka awe mwangalifu na chumvi. Alikula mchuzi chapwa mwezi mzima, akaja kunishukuru kwa kuku. Nilimpokea yule kuku. Na wengine? Kwa miaka yote hiyo, ni neno lipi jingine nililolisoma bila kusita?

Hakimu alikuwa amelala juu ya meza ya kukatia, akipumua vizuri. Miezi, haina miaka. Kulthumu alikuwa anamuulizia kila wiki, nami nilikuwa namweka paka hapa Gitega ili yeye aendelee kumuulizia kwangu.

Jaffer, mwana wa Monghibai, alikuwa amepata petroli na alikuwa anapeleka mizigo Muyinga Jumatano. Nilipanda naye, kikapu kikiwa mapajani, boga moja miguuni. Tulipita Karuzi bila Hakimu kulia hata mara moja.

Kulthumu alikuwa amekaa uani kwa Salama, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Mwili wake ulikuwa umepungua. Nilipofungua kikapu Hakimu alitoa kichwa, akatazama, akatoka taratibu kwa miguu yake yote minne na kwenda kukaa juu ya upindo wa kanga ya Kulthumu. Maharagwe yalimwagika. Hakuyaangalia.

"Hakimu," alisema. "Umekonda, we."

Alimpapasa sikio lile lililochanika muda mrefu. Salama alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa ushungi. Kisha Kulthumu akaniinulia macho, na niliona mapema ni neno gani linakuja.

"Fundi, ni we umemleta?"

"Ni mimi, mama."

"Na mume wangu? Hakuja?"

"Amekuja."

Alitazama kuelekea langoni. "Iko wapi?"

"Anapumzika," nikasema. "Safari imemchosha."

"Bon. Ni mzee sasa." Alinionyesha kigoda kando yake. "Kaa basi, umngojee hapa."

Nikakaa. Salama aliniletea kisu na sufuria, nikaanza kumenya boga. Kulthumu alifuata kisu changu kwa macho, kama alivyozoea kufuata mkasi.

"Ni ya Hakimu hiyo?"

"Ni yake. Nitampondea laini."

Aliinama karibu yangu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya nyumba.

"Usitie chumvi," alisema. "Mume wangu aliniambia. Ni mtu amesoma, yeye."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Hata chembe."