Kumwagilia Tukuyu

Shemeji yangu Ezron aliingia steshenari kwangu Bulyaga, hapa Tukuyu, akiwa amefunga mwavuli lakini mdomo uko wazi.

"Alinanuswe, jaza umeme. Nilishatangaza kanisani!"

Nyuma yake alisimama binti yake, Tupokigwe, matokeo ya kidato cha sita mkononi, sura ya mtu aliyepelekwa kung'olewa jino. Jioni ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kuomba chuo, naye alikuwa hajaamua asomee uhandisi gani.

Alichotangaza Ezron, kijiji chao kizima cha Kyimo kilikijua. Jumapili, mkungu wake wa sadaka ulipopigwa mnada nje ya kanisa, alisimama akasema unatoka kwa baba wa injinia wa umeme. Mzee Wilson, ambaye nguzo za umeme zimeishia kwa jirani yake, akaupandia bei mpaka wenzake wakanyamaza. Yule hakuwa ananunua ndizi. Alikuwa anavuta waya.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" nikamuuliza Tupokigwe.

"Ujenzi, mjomba. Rafiki yangu Doreen anasema ndiyo nyepesi."

"Nyepesi!" Ezron akaruka. "Kama ni nyepesi, abaki Kyimo anichungie ng'ombe."

"Kaa, shemeji. Ng'ombe wenyewe hatujawauliza."

Mimi uhandisi niliusoma miaka miwili, nikala supu, kisha disko, yaani nilifeli, nikarudia, nikafeli tena, nikaoneshwa geti. Ndiyo maana watoto wa hapa huniomba ushauri, kama unavyomuuliza njia mtu aliyepotelea humo humo. Nikamwambia Tupokigwe achore daraja. Akachora mstari, akapiga mwayo, akauongezea miguu miwili. Hata kuku angesita kuvuka.

"Na umeme?"

"Nauogopa, mjomba, wala sina hamu ya kuuzoea."

Ezron akashusha pumzi kama tairi.

Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake, na maji ya mtaro yakaanza kuingia mlangoni. Mimi nikakimbilia kuinua makaratasi. Tupokigwe akavua viatu, akatoka bila mwavuli, akachuchumaa mtaroni na kijiti.

"Mjomba, nani aliweka kalavati hili?"

"Wananchi."

"Liko juu kuliko mtaro. Maji yapande ngazi?"

Siku ya kuliweka ilikuwa msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, na wananchi walisimamiwa na mtaalamu wao wa disko, kwa hiyo niliona ni wakati mzuri wa kutafuta kalamu chini ya meza.

Alirudi ameloa chapachapa, akijisemea: yakipunguzwa kasi pale juu, yakigeuzwa hapa, hayatarudi. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo.

"Kuna uhandisi wa maji na umwagiliaji," nikasema.

"Umwagiliaji?" Ezron akashika kichwa. "Tukuyu hii? Mashati yanaota ukungu kabatini, atamwagilia nini? Mchungaji nimwambieje?"

"Ni kuyaongoza maji, baba. Hata kuyafukuza."

"Ila ni ngumu," nikamwonya. "Hesabu za maji yanayokimbia ndizo zilizonitoa chuoni."

Nilitegemea aogope. Akavuta kiti.

"Swali lilikuwaje?"

Nikamchorea bomba, pana huku, jembamba kule. Chai niliyommiminia ikapoa pembeni. Alikokotoa, akakosea, akajisonya, akafuta, akaanza upya. Hakupiga mwayo hata mmoja.

Ezron alimtazama weee, kisha akaninong'oneza, "Ngumu kuliko umeme?"

"Ilinishinda mimi."

"Wewe hata ndoa ilikushinda. Ina ajira?"

"Maji yakipita pabaya watu wanalia, shemeji. Wakilia, ajira ipo."

Akakuna kidevu. "Basi umeme iwe ya kwanza, hiyo maji ya pili."

Tupokigwe akainuka, akakunja magoti kidogo kama anavyosalimia wakubwa.

"Hapana, baba. Maji ya kwanza. Umeme iwe ya pili, kwa heshima yako."

"Na Mzee Wilson?"

"Mzee Wilson ale ndizi."

Nikajiuma mdomo nisicheke. Ezron alifungua mwavuli humo humo ndani, akaufunga, akautazama kama vile ndio uliomjibu.

"Mpishe kiti cha kompyuta," akaniambia hatimaye. "Ajaze mwenyewe, asije akanilaumu."

Akajaza. Kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma, akanisogezea karatasi yenye lile bomba.

"Jibu nimepata, mjomba?"

"Sijui, mama. Mimi niliondoka kabla hawajanieleza."

Akacheka, akabonyeza.