Namba Moja, Wanawake Kumi na Mmoja

Ipyana alikuwa na beji kumi na nne za makongamano, zimening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake pale Visiga, na zote kumi na nne zilikuwa za msikilizaji. Mwaka wa kwanza aliomba nafasi ya kuzungumza, wakamjibu asante, jaribu tena. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hawakujibu kabisa, na mtu mwingine angekata tamaa akaenda kulima matikiti. Yeye akaomba mara ya nne, na safari hii waandaaji wa kongamano kubwa la Dar es Salaam wakampa dakika ishirini, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, ukumbi mkubwa. Alitoka mbio hadi barabarani kumwambia mama muuza vitumbua, ambaye hakuelewa kitu lakini alimpongeza sana.

Usimcheke. Kuandika programu ni kazi ya upweke. Kampuni yake iko Dar, yeye anaifanyia kazi nyumbani, na kutwa nzima hasikii sauti ya binadamu isipokuwa jirani akigombana na mbuzi wake. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita alianzisha Kijiwe. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye ukumbi wa parokia, waandika programu wa Kibaha na vitongoji vyake hukutana. Mmoja anaonyesha alichotengeneza, wengine wanamhoji, halafu wanakula chapati. Wapo wanaosema watu wanafuata chapati. Labda. Lakini hakuna aliyewahi kuondoka baada ya chapati. Hubaki wanabishana mpaka mlinzi aje na funguo.

Kwa hiyo Jumamosi ile, siku sita kabla ya kongamano, Ipyana aliwaomba wana Kijiwe wamsikilize akifanya mazoezi. Mada yake aliiita "Jinsi Nilivyosafisha Orodha ya Wakulima". Chama kimoja cha wakulima wa korosho huko Kisarawe kilikuwa kikigawa miche ya mikorosho kwa wanachama, na orodha yao ilikuwa vurugu tupu, imeandikwa kwa mkono na makarani watano, kila mmoja na mwandiko wake. Ipyana alijitolea kuwatengenezea mfumo. Aliyapanga majina, akarekebisha vijiji, akawaunganishia meseji. Kazi nzuri kweli, tumpe haki yake. Na mahali alipojisifia zaidi ni mstari mmoja tu wa programu: namba ya simu ikijirudia, mfumo unabakiza jina la mwisho na kufuta mengine. Kwa mstari huo majina arobaini na moja yalitoweka kwa sekunde moja.

"Sasa tazameni huyu," akasema, akabonyeza, na kwenye ukuta kukatokea slaidi yenye namba moja ya simu na majina kumi na moja chini yake, yote ya kijiji cha Vihingo. "Mkulima mmoja, majina kumi na moja. Huyu bwana hakutaka shamba, huyu alitaka kupanda msitu!"

Ukumbi ukacheka. Hata yeye alicheka, maana kile kichekesho alikuwa amekifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Kwenye benchi la nyuma alikaa Faudhia, mwalimu wa kompyuta wa sekondari na mwanachama wa Kijiwe tangu siku ya kwanza. Siku hiyo alikuja na shangazi yake, Bi Biasha, aliyetoka Vihingo kuchukua miwani hospitalini na hakutaka kubaki peke yake nyumbani kwa mpwa wake akitazama televisheni. Miwani ilikuwa na saa mbili tu usoni pake. Akaisogeza juu kidogo puani, akasoma ukutani, akasoma tena, kisha akasimama.

"Mwanangu," akasema, "hilo la tatu ni jina langu."

Kicheko kikakatika. Ipyana akafikiri amesikia vibaya. "Shikamoo, mama. Unasema?"

"Marahaba. Nasema Biasha Matimbwa ni mimi hapa. Na huyo wa juu yangu ni wifi yangu, na huyo wa mwisho, Mwanajuma, ndiye laini imesajiliwa kwa jina lake. Tupo kumi na mmoja. Sisi si bwana, na wala si mmoja."

Faudhia alijaribu kumvuta kanga akae, akamwambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, jamani." Bi Biasha hakukaa.

"Simu ile tuliinunua kikundi," akaendelea. "Inakaa kwa mtu wiki moja, wiki ijayo kwa mwingine. Ikiingia meseji ya chama, mwenye zamu anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzake. Miaka minne tunafanya hivyo na hatujawahi kukosa habari. Mwezi uliopita tumekwenda kuchukua miche, tukaambiwa kompyuta haiwatambui. Amepewa Mwanajuma peke yake. Nikarudi nyumbani na mashimo yangu thelathini nimeshachimba, mvua inaingia ndani, watoto wa jirani wanatumbukia. Kumbe ni wewe."

Sasa hapa ningependa kusema kwamba Ipyana aliomba radhi papo hapo. Hakuomba. Aliona aibu, na mtu mwenye aibu mbele ya watu thelathini hutafuta kwanza mlango wa kutokea.

"Mama, mfumo unahitaji namba moja kwa mtu mmoja," akasema. "Ndivyo mifumo yote inavyofanya kazi."

"Nani aliuambia uhitaji hivyo?"

Wana Kijiwe wote walimtazama Ipyana, na kila mmoja wao alikuwa anajua jibu. Aliuambia yeye mwenyewe, Jumanne moja, huku anakunywa chai. Akazima projekta. Siku ile chapati hazikuliwa, zilifungwa kwenye gazeti.

Jumatatu asubuhi alikwenda Soga, akachukua bodaboda, akavuka reli kuelekea Vihingo. Safari ilimpa muda wa kutosha wa kujitukana kimoyomoyo. Aliwakuta wanawake wamekaa barazani kwa Mwanajuma, wanamenya mihogo. Bi Biasha akamtambulisha bila kuzungusha: "Huyu ndiye aliyetufuta."

Mwanajuma, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alimtazama kuanzia viatu. "Mbona mdogo hivi? Mimi nilidhani ni mzee mzee."

Wakacheka, na kicheko chao kilimuuma kuliko matusi. Wakampa mhogo na chai. Mwanajuma akamwonyesha simu yenyewe, ndogo ya vitufe, imefungwa kwa mpira, na daftari la zamu lenye majina kumi na moja yaliyopigiwa mistari kwa rula. Daftari lile lilikuwa nadhifu kuliko orodha yoyote aliyowahi kukabidhiwa kazini. Ile miche thelathini aliyopewa, Mwanajuma hakuipanda peke yake. Waligawana miwili miwili, na minane iliyobaki wakaipanda nyuma ya zahanati. Ipyana alishindwa kumalizia mhogo wake.

Akajiuliza swali ambalo alipaswa kujiuliza miezi mitatu nyuma: na wale wengine? Akasogea hadi karibu na shule, ambako mtandao unapatikana, akafungua orodha ya zamani na kuanza kupiga kila namba iliyojirudia. Mzee mmoja anayeishi kando ya msitu akamwambia simu ni ya mkwewe, wanaitumia wanne. Katekista mmoja akamwambia yeye huandikisha wajane wa jumuiya yake wote kwa namba yake, nani mwingine awafikishie habari? Alipiga kutwa nzima. Katika majina arobaini na moja, manne tu ndiyo yalikuwa yamejirudia kweli. Thelathini na saba walikuwa watu.

Bahati ilikuwepo kidogo. Awamu ya pili ya miche ilikuwa inagawiwa Jumamosi, na orodha ilikuwa inapelekwa bohari Jumatano. Jumanne Ipyana akaenda Kisarawe kwa Bwana Matano, katibu wa chama, mtu wa miaka sitini aliyefunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni. Akamweleza. Bwana Matano akasikiliza, kisha akavuta karatasi nyeupe kutoka droo.

"Andika barua."

"Mzee, nimeshairekebisha orodha. Hii hapa, ni dakika moja tu."

"Orodha iliyofungwa haifunguliwi kwa mdomo, kijana. Watu wamefukuzwa kwenye foleni, wengine waliambiwa matapeli. Nikiwarudisha kimya kimya, watabaki kuwa matapeli waliohurumiwa. Andika umekosea nini, uweke sahihi, mimi nitaibandika ubaoni na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Halafu nafungua."

Ipyana akachukua kalamu. Alijua maana ya karatasi ile. Kampuni moja kubwa ilishamwandikia kwamba watu wake watakuja Ijumaa kumsikiliza, na wanatafuta mtu wa kusimamia takwimu zao. Na huku anatakiwa aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba hajui kutofautisha uchafu na binadamu. Akaandika. YAH: KUKIRI KOSA LA KUFUTA MAJINA YA WAKULIMA THELATHINI NA SABA. Bwana Matano akaisoma mara mbili, akamsahihishia tarehe, akagonga muhuri.

Jioni akawaandikia waandaaji wa kongamano akiomba abadilishe mada. Jibu lilikuja Jumatano: ratiba imeshachapishwa, azungumze alichoahidi au nafasi apewe mwingine. Na hapo shetani wa kawaida kabisa akamjia, yule asiyetisha. Iondoe ile slaidi moja, akamwambia. Mada nyingine yote ni ya kweli. Wanawake watapata miche yao Jumamosi, barua ipo ubaoni Kisarawe, na nani wa Dar atakwenda Vihingo kusoma mbao za matangazo? Ipyana akaiondoa. Alilala hivyo, na Alhamisi kutwa akaiacha hivyo hivyo.

Ijumaa alipanda treni Soga pamoja na Faudhia, aliyeomba ruhusa shuleni. Hawakuongea sana. Walipokaribia Dar, Faudhia akamuuliza, "Ile slaidi umeiachaje?"

"Nimeitoa."

Faudhia akatikisa kichwa taratibu, akageukia dirishani. Hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Saa nne asubuhi Ipyana akasimama jukwaani, mbele ya watu mia nne. Jina lake lilikuwa ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake mada, "Jinsi Nilivyosafisha Orodha ya Wakulima". Akaanza vizuri. Akaeleza makarani watano na miandiko yao, watu wakacheka panapotakiwa. Akafika kwenye majina arobaini na moja. Mtu wa ile kampuni alikuwa safu ya pili, ameweka daftari na kompyuta gotini, anatabasamu. Ilibaki sentensi moja tu ya kuvuka pale mahali, na alikuwa ameikariri.

Akaiacha. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa nakala ya barua, akaisoma yote, kuanzia YAH hadi "wako katika ujenzi wa taifa". Kisha akaonyesha ule mstari mmoja wa programu, peke yake katikati ya ukuta mweupe, akasema, "Huu ndio uliowafuta. Niliuandika mimi, na niliusifia kwenye maombi ya kuja kusimama hapa. Asanteni."

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa kampuni alikuwa ameacha kutabasamu. Ipyana alisimama pale akihisi masikio yanawaka moto, na katika ule ukimya akasikia kompyuta moja ikifunguliwa, halafu nyingine, halafu nyingi. Vichwa vikainama. Vidole vikaanza kugonga vitufe kila upande wa ukumbi. Akadhani amewachosha na sasa wanasoma barua pepe zao.

Lakini Faudhia, aliyekaa kiti cha pembeni, aliinua shingo akachungulia kioo cha jirani yake, kisha cha mbele yake. Akamtazama Ipyana, macho yamelowa, akamwonyesha kwa kidole ule mstari uliokuwa ukutani. Walikuwa wanatafuta mstari kama ule kwenye programu zao wenyewe.

Mtu wa safu ya pili ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Hakusimama, alikuwa bado ameikodolea macho kompyuta yake, na kipaza sauti kilipomfikia alikishika vibaya kikapiga kelele.

"Kaka, samahani," akasema. "Kwenye orodha yetu ya zamani hapa ninayo namba imejirudia mara sitini na mbili, na majina yake tulishayafuta tangu mwaka juzi. Mtu unaanzia wapi?"

"Ipige," Ipyana akamjibu. "Halafu uliza mko wangapi."