Jogoo wa Upande Mmoja

Bibiane alikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu, na jogoo huyo alikuwa na tabia ya kula nyuki. Wakija kunywa maji kwenye robine, bomba la uani, anamnyakua mmoja, anamgonga chini, kisha anawaita wake zake waje kuona mume wao alivyo shujaa. Kumeza, anameza peke yake. Bibiane alizoea kumtazama na kusema, "Huyu na Baba Simone, wamezaliwa tumbo moja."

Baba Simone ndiye Casimir, mumewe, fundi wa kampuni pale Likasi. Kwenye karatasi za serikali alikuwa na jina lingine, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, lakini nyumbani alibaki Casimir, na uvivu wake haukubadilishwa jina. Tangu Pasaka alikuwa ameahidi kutoa kiota cha manyigu nyuma ya nyumba ya kuku.

"Kazi inapangwa, mama," alisema. "Haianzwe ovyoovyo."

Alipanga mpaka mvua zikakaribia kurudi.

Jumapili wakwe walikuwa waje kutoka Kapolowe kumsemea Simone, binti wa nyumba hii, neno la ndoa. Na mgeni wa namna hiyo hapikiwi kuku kimyakimya. Anaonyeshwa kwanza akiwa hai. Mgeni anamshika, anamtazama macho na mdomo, anashukuru, ndipo anamrudisha akachinjwe, na firigisi inawekwa kwenye sahani yake. Kuku akionekana mgonjwa, umemwambia mgeni "toka" bila kufungua kinywa. Ndoa nyingi zimefia palepale kwenye manyoya.

Jumamosi ilikuwa salongo: kila mtu afagie na kukata majani, na kapitao, msimamizi wa mtaa, anapita kuchungulia. Casimir akaona siku imefika. Alivaa kaske ngumu ya kichwani, miwani ya kazi, glavu za ngozi mpaka viwikoni, na viatu vyenye chuma mbele. Ungedhani anashuka shimo la mgodi.

"Fungia kuku kwanza," Bibiane alimwambia.

"Mama, mwenye kazi hapa ni miye ama ni weye?"

Akapiga kiota kwa mpini wa jembe. Kiota kikaanguka. Casimir akakimbia ndani na kaske yake na kujifungia mlango, akimwacha mkewe nje na ufagio.

Jogoo naye aliona jambo moja tu: kiota kimejaa vifunza vyeupe, vinene. Akaita wake zake. Wale walikuja, wakadonoa cha kudonoa, wakatawanyika na akili zao. Yeye akabaki kupigana na wenye nyumba. Bibiane alipomtoa, upande wa kushoto wa uso ulikuwa umevimba, jicho limefungwa, ndevu inaning'inia kama soksi iliyotiwa jiwe.

Bibiane alimpaka kitunguu, akampaka siki, akamwosha kwa maji baridi. Haikusaidia kitu.

"Baba Simone, wakati ulikuwa unapiga, uliona jogoo iko wapi?"

"Sikuona. Miwani ilijaa jasho."

"Ah. Ile miwani ya kukusaidia kuona."

Jirani yao Clotilde akainua shingo juu ya ua. "Mama Simone, ile jogoo yako anakonyeza nani?"

"Anakukonyeza weye. Leta yako nimuazime mpaka kesho."

"Yangu nilimupika juzi."

"Najua. Harufu ilifika hapa, sahani ndiyo ilipotea njia."

Usiku kucha uvimbe haukushuka. Lakini upande wa kulia ulikuwa mzima, unang'aa. Bibiane akaamua: kesho jogoo atakuwa na upande mmoja.

Baada ya misa kamio, lori la njia ya Kapolowe, ikawashusha Papa Augustin, mjomba wa kijana anayeposa, na Hilaire, kijana mwenyewe, amebeba kidumu cha asali. Papa Augustin alivaa koti la misa na kofia aliyoivuta chini kushoto. Alisalimia akitazama mlango. Alikaa ubavuubavu, akazungumza na ukuta. Huyu mzee amekwisha kutudharau, Bibiane alijiwazia, na kuku bado hajamwona.

Akamleta jogoo, upande wa kulia mbele. Papa Augustin akanyoosha mikono, naye kaweka mbele shavu lake la kulia. Bibiane akageuka kidogo. Mzee akageuka. Akageuka tena, mzee naye.

"Munacheza?" Casimir aliuliza.

Jogoo akachoka kuzungushwa. Akapiga bawa, kofia ikaanguka.

Jicho la kushoto la Papa Augustin lilikuwa limefungwa, na shavu limeumuka kama mkate. Mzee akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama mzee.

"Nyuki?" mzee aliuliza.

"Manyigu," Bibiane alijibu. "Na weye, Papa?"

"Nyuki. Juu ya hii asali yenu. Nilimwambia Hilaire aongeze moshi, anasema inatosha."

"Na nyuki zilipotoka, Hilaire alikuwa wapi?"

"Alikwisha kufika barabarani."

Hilaire aliinamia kidumu. Bibiane akamgeukia binti yake aliyesimama kwenye mlango wa jikoni. "Simone, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na unamutaka tu?"

"Namutaka."

Bibiane akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyekwisha kuolewa.

"Huyu siwezi kumula," Papa Augustin alisema. "Tumeumwa pamoja."

Casimir akabadilika rangi. Kumkataa jogoo ni kumkataa binti, hilo hata yeye hakuhitaji kulipanga ili alielewe. Lakini mzee alikuwa amekwisha kumtia jogoo kwapani, ndani ya koti.

"Simukatae. Nimemupokea muzima, nitaenda naye Kapolowe. Firigisi yangu nitakula kwenye harusi, ya kuku mwingine."

Wakapiga makofi. Neno limepita, Simone ameposwa. Casimir alipiga kuliko wote.

"Unaona, mama? Kazi ikipangwa vizuri..."

Jikoni maji ya kunyonyolea manyoya yalikuwa yanachemka bure, na wageni bado wana njaa. Bibiane akaenda kuyaangalia. Kisha akarudi mlangoni, akamtazama mumewe kuanzia miguuni mpaka shingoni, polepole, kama mtu anayekadiria ukubwa wa sufuria.