Samad Kak Anaimba Usingizini

Zoona alimwona Samad Kak mvivu tu. Wafumaji, Zoona akiwa mmoja wao, vidole vinawachubuka, yeye mzee ameketi nyuma yao, chungu cha makaa cha kujipasha joto ndani ya joho, anawaimbia kazi kwa lugha ya zulia: "Damu mbili! Ziwa moja!" Nao hufunga mafundo mawili mekundu, moja la buluu, wakiitikia kwa pamoja, "Imekaa!"

Siku hiyo, baada ya chai ya chumvi, Zoona aligeuka akamkuta amelala fofofo, kidevu kifuani. Lakini mdomo ulikuwa bado unaimba.

"Shemeji, mzee anaota zulia letu!" akamnong'oneza mfumaji wa kando yake.

"Funga, wewe! Macho au usingizini, huyo hakosei."

Zoona akafunga, kicheko kimembana. Waridi la zulia likazidi kuchanua chini ya mikono yao, petali kwa petali. "Imekaa!"

"Haijakaa," alisema Samad Kak, macho bado kayafumba. "Zoona, mwanangu, sauti yako imechelewa. Umefunga ziwa penye damu."

Zoona akatazama. Katikati ya waridi, fundo la buluu lilimkodolea macho. Akalifumua, akafunga jekundu.

"Imekaa, Kak," akasema kwa adabu.

Mzee akakoroma kidogo, kisha akaendelea: "Damu tatu!"