Meno ya Faudhia na Masale ya Bondeni

Kila asubuhi Faudhia hutoa kinga ya meno mdomoni, huisuuza kwa maji baridi ya bomba na kuiweka kwenye kikasha chake dirishani, kisha huchukua kile kimswaki chembamba cha kupenya kwenye waya za meno na kuanza kufukua mabaki ya makande. Jumamosi hiyo alifanya vivyo hivyo, macho yakiwa bondeni. Masale ya mpakani yalikuwa yamesogea tena. Si sana, unene wa ukucha.

"Yamesogea?" mama yake, Mwanaidi, aliuliza kutoka jikoni.

"Kidogo."

"Haya. Maliza hapo uje umenye viazi."

Masale ni mimea ya majani marefu ambayo wazee wa milima hiyo huipanda mpakani, na ikishapandwa haing'olewi. Hata mbuzi wanalijua hilo. Sharifu naye alilijua. Lakini kaka yake Shabani, baba wa Faudhia, alipofariki, Sharifu hakungoja hitima isomwe. Aliyang'oa mchana kweupe, wafiwa wakiwa bado mkekani, akayapanda upya huku juu, karibu na choo cha mjane. Kipande chote cha bondeni, chenye udongo mweusi kando ya kijito, ambako kabichi hustawi hata kiangazi, kikawa chake. Alipoulizwa alisema marehemu alimpa kwa mdomo. Marehemu hakuwepo kukanusha.

Faudhia alimwona siku hiyo tangu jembe la kwanza. Wageni walikuwa wamejaa, na mtoto wa kike hapazi sauti msibani, basi akalimeza neno lake. Wiki ile ile meno yake yakaanza kuhama. La mbele lilimpanda jirani yake, jingine likajitenga kama limenuniwa, na akilala akawa anayasaga kwa nguvu hadi kuku bandani wakaamka kusubiri pumba.

Shangazi Salama, anayeuza vitenge Tanga, alipopata habari alimpandisha basi hadi kwa daktari wa meno, dada mmoja mpole aitwaye Evodia. Evodia akamfunga waya juu na chini.

"Meno hayaburuzwi," alimwambia. "Yanabembelezwa mpaka yakumbuke kwao. Unacheza mchezo wowote?"

"Mpira. Mimi ni kipa."

"Mungu wangu."

Akampa kinga mbili: ya buluu, nene, ya uwanjani, na nyeupe, nyembamba, ya kulalia. Zote zilikuwa na nafasi kidogo ndani, maana meno yako safarini na msafiri habanwi. Alimkataza kuzitia kwenye maji ya moto, zisije zikajikunja. "Na mpira ukikupiga mdomoni bila kinga," alisema, "midomo itachanika, waya zitakatika, na meno yatarudi kule yalikokuwa yakizurura."

Meno yalipoanza kurudi kwao, masale nayo yakaanza kushuka. Hakuna aliyeshangaa. Wauza mboga wa soko la Mlalo walikuwa wakimsimamisha njiani na kumwamkia kwa Kisambaa. "Onga makeo, Faudhia! Hebu fungua mdomo tuone." Wanachungulia, wanakadiria umbali uliobaki hadi kijitoni, kisha wanaendelea kupanga karoti.

Sharifu pia hakushangaa. Alikasirika, jambo ambalo ni tofauti. Aliyang'oa tena akayarudisha juu. Kulipokucha yakakutwa palepale yalipokuwa yamefikia, yametulia kama watoto waliotoka kuiba miwa. Akayafunga kwa kamba za katani. Kamba zikakutwa mlangoni kwake, zimekunjwa vizuri. Mwishowe akaja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda.

"Hikamoo, baba mdogo," alisema Faudhia, kinga ya buluu mdomoni ikimla herufi. Alikuwa ametoka mazoezini.

"Marahaba. Mwanangu, hayo makorokoro yanakuharibu sura. Msichana mzima mdomo kama geti la benki! Nani atakuoa?"

"Mwenye ufunguo."

Mwanaidi alikohoa ili asicheke.

"Shemeji, mfunze mwanao adabu."

"Ameshakuamkia, shemeji. Adabu gani nyingine?"

Sharifu akaondoka bila kumaliza chai. Lakini alikuwa mwenyekiti wa kamati ya michezo ya kata, na ndiye aliyetoa jezi. Fainali na wasichana wa Mgwashi ilipokaribia, Mwalimu Benjamini, aliyepangwa kuwa mwamuzi, aliwafuata Faudhia na wenzake mazoezini akiangalia viatu vyake.

"Kamati imeamua. Mchezaji haruhusiwi kuingia uwanjani na plastiki mdomoni."

"Kamati ndiyo nani?" aliuliza Zipora, nahodha.

"Kamati ni kamati."

"Na mwenyekiti wake?"

"Zipora, usiniletee maneno." Akamgeukia Faudhia. "Uvue, au ukae benchi."

Kuvua ilikuwa ni kuliweka bonde lote mbele ya shuti moja. Waya zikikatika, meno yangerudi, na masale yangepanda mlima nyuma yake. Kukaa benchi nako hakukuwa salama. Meno ya Faudhia yalikuwa na tabia hiyo: akimeza neno, yanahama. Usiku ule alipolimeza la kamati, kwa heshima ya mwalimu, aliamka jino la pembeni likiwasha, na masale yamepanda hatua nzima.

Asubuhi alimfuata mwalimu ofisini.

"Nitavaa, mwalimu."

"Utatolewa."

"Basi nitolewe nimevaa."

Jino likaacha kuwasha.

Siku ya fainali Zipora alikuja na kiroba cha machungwa ya Muheza. Wasichana walikula nyama ya machungwa, wakachonga maganda kwa wembe, kila mmoja akajipachika lake mbele ya meno, likifunika ya juu na ya chini, kama watoto wanavyocheza shuleni. Mwalimu Benjamini alipoita ukaguzi, timu ilijipanga mstari mmoja.

"Fungueni midomo."

Wakafungua. Mwalimu alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kicheko kimoja kirefu cha rangi ya chungwa, na katikati yake kicheko kimoja cha buluu.

"Hii ni nini?"

Zipora alitoa ganda, akajibu kwa heshima zote: "Vitamini, mwalimu." Akalirudisha.

Wasichana wa Mgwashi waliuliza kulikoni. Walipoelezwa, wakaomba maganda yaliyobaki. Mwalimu Benjamini alimtazama Sharifu aliyeketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, akawatazama watu pembeni ya uwanja, akapiga hesabu. Akimtoa mmoja kwa kilicho mdomoni, itabidi awatoe wote, kisha abaki yeye na mpira. Akapuliza filimbi.

Uwanja huo umeinama kidogo upande wa bonde, kwa hiyo timu inayoshambulia kuelekea chini husaidiwa na mlima wenyewe. Kipindi cha pili mlima ulikuwa upande wa Mgwashi. Zipora na wenzake walikuwa mbele kwa bao moja, na dakika zikiwa zimebaki chache, beki wao akaushika mpira. Penalti.

Aliyeupiga ni Latifa wa Mgwashi, msichana mwenye mguu uliokomaa kwa kupandisha miteremko na furushi la kabichi kichwani. Hakuchagua pembe. Mpira ulikwenda moja kwa moja, Faudhia hakukwepa, ukamkuta mdomoni. Mlio wake ulisikika hadi barabarani.

Faudhia alianguka, akakaa. Akatoa kinga, akaitazama: alama za meno zilikuwa zimezama humo, zimepangika. Akapitisha ulimi kwenye waya. Nzima. Akatema mate, akaivaa tena.

Huko bondeni, mbele ya macho ya watu wote, masale yaliruka kwa pamoja hatua ya mwisho, yakatua kwenye mashimo yake ya zamani na kutikisa majani kama kuku aliyetoka kuoga vumbi. Watu waligeuka kuangalia. Kisha wakageukia uwanjani, maana mpira ulikuwa bado unachezwa. Zipora akaubutua, ukavuka barabara. Filimbi.

Baraza la ardhi la kata lilifika Jumatatu. Mwenyekiti, Mzee Eliudi, alizunguka mpaka mzima, akashika jani hili na lile. Udongo chini ya masale haukuwa na ufa. Ungedhani hayakuwahi kwenda popote.

"Yamerudi," alikubali.

"Basi shamba letu limerudi," alisema Mwanaidi.

"Hapana, mama. Yaliyorudi ni masale. Na yametembea bila kibali cha baraza."

"Sharifu alipoyang'oa alikuwa na kibali?"

"Hilo halijaletwa mbele yetu."

"Nimelileta mara ngapi, mzee?"

Mzee Eliudi alifunga mkoba wake. Wajumbe wakaondoka, kila mmoja na kabichi kubwa kwapani. Zilikuwa kabichi za bondeni, zimekomaa vizuri.

Kwa hiyo Sharifu bado analima pale. Tofauti ni kwamba zamani alitoka shambani kwake akaingia tu. Sasa, kila anapokwenda, lazima aruke mpaka, na njia ile inaonekana kutoka sokoni.

Waya zilipotolewa, Daktari Evodia alimpa Faudhia kioo ajitazame. Meno yalikuwa yamesimama kila moja kwao.

"Yamefika, ila yanakumbuka njia," alisema. "Nitakutengenezea kinga mpya ya kulalia, iyashikilie. Ukiacha kuvaa, yatahama."

"Mpaka lini?"

"Wengine huvaa miaka. Huchoki?"

"Nitavaa hata nikibaki na jino moja."

Alipopewa hiyo mpya, hakuishia kulala nayo. Kila kunapokucha, kabla ya kuisuuza, Faudhia hushuka na kikombe chake cha maji na mswaki, akaketi kando ya masale. Yamekuwa marefu siku hizi. Mwanzoni yalimfika Sharifu magotini. Sasa yanamfika mapajani, na hukunja suruali, hushika kiuno, huinua mguu kwa mahesabu kama jogoo anayevuka tope.

"Shikamoo, baba mdogo," husema Faudhia. Ameshazoea kinga, neno linatoka zima, na meno yote yanaonekana.

Kwenye milima hiyo shikamoo haiachwi bila jibu, hata na mtu ambaye mguu wake mmoja uko hewani.

"Marahaba," hujibu Sharifu.

Faudhia huing'ata kinga taratibu. Masale hurefuka unene wa ukucha.