George Watt wa Ukoo wa Shakwe

Teenie alizibwaga karatasi juu ya kaunta ya duka la Bi Elspeth, kati ya mizani na biskuti. Mikono yake ilinuka samaki aliokuwa akiwatoa minofu tangu alfajiri.

"Soma."

"Miwani yangu iko ghorofani."

"Miwani yako iko kichwani, Elspeth."

Ieleweke kwamba kijijini mwetu, kwenye pwani hii ya Uskoti, kila mtu anaitwa Watt. Asiyeitwa Watt amekuja kuoa, na tunamwombea. Kwa hiyo kila ukoo una lakabu: Elspeth ni wa Askofu, Teenie ni wa Shakwe, yule ndege mweupe wa baharini mwizi wa samaki. Jeshi la mfalme halikuwa na nafasi ya lakabu. Mwaka 1915 liliwachukua vijana wawili walioitwa George Watt, likawavisha sketi za wanajeshi wa Kiskoti, likawapeleka Ufaransa. Mmoja aliuawa. Mwingine alitoroka, asionekane tena. Barua ya kifo ilipofika, imeandikwa "Bi Watt" tu, tarishi aliipeleka kwenye nyumba yenye mapazia safi zaidi.

Tangu hapo Askofu wana shujaa kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita, na Shakwe wana mtoro. Isabella, mama wa mtoro, alikaa benchi la nyuma kanisani hadi alipozikwa. Hata Teenie, vizazi vitatu baadaye, watoto wenzake walimwimbia: "Shakwe karuka, Shakwe karuka."

"Hizi ni kumbukumbu za jeshi," alisema Teenie. "Nimezisaka msimu mzima wa baridi. George aliyekufa, mama yake ni Isabella, wa nyumba ya mwisho ufukweni. Isabella alimzaa bibi yangu. Na nyumba ni yangu, bado inavuja."

Elspeth alizikunja karatasi taratibu, kama anayefunga jibini ya mteja.

"Tulijua, mpenzi."

"Mlijua nini?"

"Barua ilikuja na furushi la soksi za marehemu. Mama yake George wetu alitazama visigino, akasema, hizi sikufuma mimi. Lakini mchungaji alikuwa ameshahubiri kwamba shujaa ni wetu. Wewe ungefanyaje?"

"Ningevuka barabara nikampa Isabella barua yake."

"Miaka mia imepita, Teenie. Jina ni lilelile."

"Na mwimbo je? Ule mlituachia sisi."

"Basi Jumapili ya kuwakumbuka mashujaa njoo usimame nyuma yangu. Shada la maua nitaweka mimi. Mkono umeshazoea."

Teenie alichukua karatasi zake akatoka bila kufunga mlango, na upepo ukaingia dukani kununua ulichotaka.

Jumamosi, kazini, alimwomba msimamizi ndoo ya matumbo ya samaki.

"Ya nini?"

"Nina wageni."

Jumapili kijiji kizima kilizunguka mnara, kimevaa nyeusi. Elspeth aliegemeza shada lake chini ya jina, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. Tarumbeta ikalia, ukimya ukashuka. Kwetu, katika ukimya ule, mtu hasogei hata suruali ikimvuka.

Shakwe wa kwanza alitua kwenye ngazi za mnara, akachungulia ndoo nyuma ya jiwe, akaita wenzake. Wakaja kutoka gatini, kutoka kwenye mapaa, kutoka kwenye mnara wa kanisa. Mmoja alikanyaga shada la Elspeth, akang'oa ua jekundu, akalitema. Elspeth alimtazama mchungaji. Mchungaji alitazama bahari.

Teenie alikuwa safu ya mbele, mikono mitupu, akiwatazama shakwe wakiendelea kuwasili.