Mlango Chini ya Kitanda cha Mama

Ukiiona nyumba ya Mwingereza kutoka barabarani, utaisifu. Kila mtu anaisifu: kuta za mawe, paa refu lililochongoka, bomba la moshi pana kuliko jiko langu. Njoo uishi ndani ndipo tuongee.

Mume wangu, Placide, anailinda kwa niaba ya chama kinachotunza majengo ya zamani, na ndiyo maana tunakaa humo, huku kusini mwa jiji, ukishavuka Rosettenville. Aliyeijenga alifuata dhahabu Johannesburg akaishia kufuga ng'ombe. Akataka nyumba ya baba yake ya kule Uingereza, ileile, asibadili kitu. Akaweka paa la kumwaga theluji, na theluji yenyewe huku iko wapi? Sebule akaielekeza kusini, kwa sababu kwao jua linapita kusini. Huku linapita kaskazini, bwana! Kwa hiyo sebule ina baridi mwaka mzima, na chumba cha maziwa, pale chini karibu na mlango, kilichotakiwa kuwa baridi, ndicho kinachopata jua tangu asubuhi. Sijui yule mzee maziwa yake alikuwa anayanywaje. Sisi tuliweka humo viazi na mabaki ya vitambaa ninavyoshona.

Lakini ubaya wenyewe ni ngazi. Imebanwa kati ya ukuta na bomba la moshi, inapanda wima, halafu inakata kona ghafla. Mama yangu alipokuja kutoka Bukavu nilimpa chumba cha juu, maana kwetu mzazi akilala kwenye etaje, yaani ghorofani, watu wote wajue ana watoto. Nilimpiga picha akiwa dirishani, nikawatumia shangazi zangu wote. Wakati ule miguu yake ilikuwa bado na nguvu. Baadaye ikaanza kuvimba, magoti yakagoma, na tangu baridi ianze Mama hajashuka. Placide na walinzi wenzake walijaribu kumbeba kwenye kiti, wakakwama pale kwenye kona, mawe yakamchubua mkono. Akawaambia wamrudishe juu na wasithubutu tena.

Na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Malvern kuleta dot, yaani mahari ya binti yetu Carmel. Kwetu binti hapokei kitu mpaka bibi yake, akiwa hai, aketi mbele ya watu na kumwambia pokea. Carmel alishasema waziwazi kwamba bila bibi yake hapokei hata soda. Kuwapandisha wakwe juu haikuwezekana, chama kimekataza watu wengi kwenye sakafu ile. Nilikuwa nimechoka mpaka nywele.

Nikampigia simu Kathambi, Mkenya, msanifu majengo wa chama. Akaja na kofia yake ngumu. Nikamwomba tubomoe kipande kidogo tu pale kwenye kona, fundi atarudishia mawe baada ya sherehe. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake kilichopigwa pasi kwamba jengo lililozidi miaka sitini haliguswi bila kibali cha jimbo, na kibali ni miezi. Nikamwambia basi nimeelewa, mawe yana wa kuyatetea, mama yangu hana. Nikamwambia na mengine ambayo siyarudii hapa. Nilipoishiwa pumzi, akaomba kupanda kumsalimia Mama.

Mama alimshika mkono akamuuliza kama ameolewa, swali analomuuliza kila mtu. Kathambi alikuwa anacheka alipokanyaga zulia karibu na kitanda, na ubao ukacheza. Akaacha kucheka. Akaniomba tusogeze kitanda, akakunja zulia, akapiga magoti. Mbao zilikuwa zimekatwa mraba, zina bawaba zenye kutu, na juu yake, kwenye boriti ya paa, kulikuwa na ndoano nene ya chuma. Akafurahi mtoto wa watu, na furaha yake ikaniudhi. Akasema uwazi huo aliuona kwenye ramani ya zamani akadhani ulishazibwa, na kwamba unafungukia ukumbi wa mlangoni, chini.

"Huu ni mlango, mama Carmel," akasema. "Kufungua mlango hakuhitaji kibali."

Nikamuuliza ni mlango gani huo wa kwenye sakafu. Akamtazama Mama, akashusha sauti.

"Ngazi za nyumba hizi zilikuwa nyembamba. Mtu akifia juu, jeneza lilishushiwa hapa."

Eish. Nikasimama nikamwambia arudishe zulia aende. Mama yangu apitishwe njia ya maiti, tena siku ya mahari, mbele ya wakwe? Lakini Mama masikio yake hayajazeeka.

"Waliopita hapo," akamuuliza Kathambi, "kuna hata mmoja aliyeshuka anatazama?"

Kathambi akatikisa kichwa.

"Basi leteni kamba."

Jumamosi Placide na wenzake wakafunga kamba kwenye ndoano, wakaijaribu kwa gunia la viazi, kisha wakamfunga Mama kwenye kiti. Na wakwe, kwa balaa langu, wakawahi. Walikuwa wamesimama ukumbini dari ilipofunguka, viatu vya Mama vikatangulia, kisha kitenge, kisha yeye mzima na mkoba wake mapajani. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuna aliyecheka. Baba wa bwana harusi alivua kofia, na Carmel alikuwa analia kabla kiti hakijagusa chini. Mama akamfuta machozi, akamwambia, "Pokea."

Wakwe walipoondoka, Placide akaanza kukaza kamba ili tumrudishe juu kabla giza halijaingia. Mama akamshika mkono.

"Sirudi," akasema.

Nikamwambia chumba chake ni kule juu, ndicho kizuri kuliko vyote, na shangazi wote wanajua analala kwenye etaje.

"Etaje ilikuwa ya kwako, Clémentine. Mimi nilitaka miguu yangu ikae karibu na mlango."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Kisha nikaenda kwenye chumba cha maziwa, nikaanza kutoa viazi.